Sitini na Mmoja Wamesoma

Watu wa Dunda wakimwona Nadhira binti Msabaha anapita na mkoba wake mgongoni, humwita fundi simu. Kila siku kuna mtu anayemsimamisha njiani amwoneshe chaja iliyokatika. Ameshachoka kueleza. Kazi yake si kutengeneza simu. Kazi yake ni kuamua kitu kikae wapi kwenye kioo, herufi ziwe na unene gani, na mtu akigusa hapa kitokee nini. Akisema hivyo watu humtazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye habari ya chaja.

Mimi namjua kwa sababu nimekaa naye meza moja miaka mitatu, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Jina langu Bilali. Nilikuwa msahihishaji wa gazeti moja huko Dar es Salaam mpaka gazeti lenyewe likafa, nikarudi kwetu. Miaka ishirini na saba nililipwa kukasirikia makosa ya watu wengine, na kazi hiyo nilikuwa naiweza. Kosa ninalolisimulia hapa nusu yake ni langu, na kulikasirikia la namna hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kampuni ilikuwa ya Amiri, kijana mwenye maneno matamu na ofisi yenye kiyoyozi mjini Dar. Alitaka programu ya kusomea habari kwenye vishikwambi. Magazeti, redio za pwani, hali ya hewa, matangazo ya vijiji, vyote viingie mahali pamoja, mtu asihangaike kuperuzi huku na huku. Mradi fulani ungegawa vishikwambi kwa wazee, kuanzia Kaole mpaka Zinga, na sisi tungeweka programu ndani. Amiri alitaka kuiita Mkeka. Nikamwambia, kijana, siku hizi ukisema mkeka watu wanafikiri umebeti mechi za Jumamosi. Nadhira ndiye aliyesema iitwe Ukili, kwa sababu habari huja kidogo kidogo kama ukili unavyosukwa, ukiunganisha unapata jamvi. Jina likakaa.

Nadhira akifanya kazi, ananifurahisha na kunikera kwa pamoja. Hachori kwenye kompyuta kwanza. Anakata boksi la sabuni kwa ukubwa wa kishikwambi, anabandika karatasi juu, anapanda nalo darini saa saba mchana kuona kama maandishi yatasomeka juani. Maneno yangu aliyapima kwa rula. "Mjomba Bilali, neno lako zuri, ila halienei," huniambia, na mimi namjibu kwamba Kiswahili hakikuumbwa kienee kwenye kitufe. Tuligombana siku nzima juu ya "Endelea kusoma" na "Zaidi". Akashinda yeye.

Habari katika Ukili ilikuja kama kadi moja iliyojaa kioo. Ukitaka inayofuata, unaivuta kadi kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiisukuma kutoka kushoto kwenda kulia, kadi inaondoka moja kwa moja, na neno la kijani linachomoza pembeni kukuambia kwamba hiyo umemalizana nayo. Mtindo huo Amiri aliukuta kwenye programu za ng'ambo, akautaka hivyo hivyo, na Nadhira akauchora. Neno la kijani nililitafuta mimi. Nilijaribu "Ondoa", likaonekana kama unafuta kitu. Nilijaribu "Imetosha", Nadhira akacheka mpaka akashika tumbo. Mwishowe nikaandika "Nimesoma". Neno moja, linaenea, kila mtu analielewa. Nilikwenda nyumbani siku hiyo najiona bingwa.

Kabla ya kuigawa, Nadhira alikwenda Kaole kuijaribu kwa wazee tisa. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi Mwanaharusi binti Pazi, mwanamke wa miaka sabini na saba mwenye shamba la minazi upande wa baharini. Zamani Bi Mwanaharusi alifundisha chuo nyumbani kwake, chuo cha Kurani cha watoto wa kike, na Nadhira mwenyewe alipitia pale. Kila alasiri baada ya shule alikaa jamvini kwake na juzuu mapajani mpaka akahitimu.

Jioni alirudi na daftari limejaa. Kadi zinawaponyoka wazee, alisema. Wanapapasa. Kila wakitaka kwenda mbele, habari inatoweka. Pamoja na daftari kulikuwa na fomu, na fomu iliuliza: amesoma hadi darasa la ngapi? Visanduku vilikuwa vinne: la saba, kidato cha nne, chuo kikuu, hakusoma. Bi Mwanaharusi hakuwahi kuingia shule ya serikali hata siku moja. Nadhira akatia tiki kwenye "hakusoma". Fomu hiyo niliiandika mimi.

Amiri alipopata ripoti alisema tatizo si programu, tatizo ni wazee, wafanyiwe semina. Ikafanywa semina ya nusu siku kwa wazee wote wa mradi, wakajaziwa fomu ile ile, wakanywa soda, wakapigwa picha ya pamoja. Kila mzee akapewa picha yake ndani ya kishikwambi: ukigusa uso wako, habari zako zinafunguka. Mradi ukasema umefanikiwa.

Miezi minne baadaye, asubuhi moja, tulisikia hodi ngazini. Bi Mwanaharusi alipanda taratibu, mkono mmoja ukutani, na mkono mwingine amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo bibi," Nadhira alisimama.

"Marahaba. Kaa." Alifungua kanga, akakiweka kishikwambi mezani. "Nimekuja na hiki kishetani chenu."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Alisema kuna watu wamepanda bikoni za zege shambani kwake. Mstari wa mpaka wameupitisha katikati ya minazi, na minazi ishirini na mitatu imebaki upande wa pili, kwenye eneo ambalo anapewa mwekezaji. Aliwauliza kwa ruhusa ya nani. Wakamwambia tangazo lilitolewa, watu walipewa siku thelathini kuleta pingamizi, hakuna aliyeleta, na siku zimekwisha. Akasema hajaona tangazo. Wakatoa karatasi yenye majina sitini na moja, wakamwonesha lake.

"Herufi za shule hunipa shida, nikamwomba mjukuu wangu anisomee mbele ya jina langu pameandikwa nini. Akasema, bibi, pameandikwa Nimesoma." Alimtazama Nadhira usoni. "Sasa nakuuliza wewe, mwanangu, kwa sababu kitu hiki ulikileta wewe. Nimesoma lini?"

Nadhira alichomeka waya, akafungua kumbukumbu za ndani ambazo mtumiaji wa kawaida hazioni. Tangazo lilikuwemo. Lilifika tarehe tatu, saa nne asubuhi. Lilikaa kwenye kioo kwa sekunde moja, kisha likasukumwa pembeni.

"Bibi, hebu soma hii," alisema, akafungua habari nyingine yoyote, ya bei ya korosho. "Ukimaliza nifunulie inayofuata."

Bi Mwanaharusi alilowesha ncha ya kidole kwa ulimi, kama wafanyavyo watu waliozoea karatasi. Akakiweka kwenye ukingo wa kushoto wa kioo, akaivuta kadi kuelekea kulia. Neno la kijani likachomoza, habari ikatoweka. Akaifunua iliyofuata namna ile ile, ikatoweka nayo.

"Umeona?" alisema. "Kinakimbia. Kila nikikifunua kinakimbia."

Nilimwona Nadhira akinyanyua mkono wake mwenyewe hewani na kufunua ukurasa ambao haupo, kutoka kushoto kwenda kulia. Nami nikauona. Msahafu unafunuliwa hivyo. Ukurasa unaofuata uko kushoto. Wazee wale hawakuwa wanapapasa hata kidogo. Walikuwa wanafunua kurasa kwa usahihi kabisa, kama walivyofunua maisha yao yote, na sisi tukaweka pale neno la kuwasingizia.

"Bibi," Nadhira alisema, "wewe ndiye uliyenifundisha kufunua hivyo."

"Ndiyo. Umesahau?"

"Sikusahau. Siku ile nilikuona ukifunua hivyo. Nikaenda kuandika kwamba hukusoma."

Bi Mwanaharusi alimkazia macho. "Uliandika hivyo? Mimi?"

"Niliandika."

"Mimi niliyekushika kidole chako ukasema alifu."

Mimi niliinuka nikaenda dirishani, kwa sababu sikutaka mtu anitazame usoni wakati ule. Bi Mwanaharusi alifunga kanga yake tupu, akasema atatungojea Kaole tukalimalize, akashuka ngazi. Kishikwambi alikiacha mezani.

Tulimpigia Amiri simu, sauti ya nje. Nadhira alimweleza taratibu, kwa adabu, nami namsikia anavyobana meno. Amiri alisikiliza, akasema anaelewa, lakini kampuni ya upimaji, hao waliopanda bikoni, ni mteja wake. Walitaka uthibitisho kwamba tangazo limewafikia watu, naye akawapa orodha ya waliosoma, pamoja na zile fomu za mwanzo.

"Amiri, ile ilikuwa ya kuondoa kadi tu," Nadhira alisema. "Nimesoma maana yake si nimekubali. Na hata kusoma kwenyewe hawakusoma!"

"Dada, neno si langu. Mmeliandika nyinyi. Mwanasheria wao amelichukua kama lilivyo."

Hapo nilimnyang'anya Nadhira simu nikamtukana Amiri. Tusi lenyewe silirudii hapa, maana mama yake Amiri ni mtu mwema na hana kosa. Lakini nilipokuwa natukana nilijua kwamba kijana yule amesema kweli. Kikulacho ki nguoni mwako. Neno lilikuwa langu, nililipigia debe, nikalisifia.

Amiri alingoja nimalize, akasema kwa sauti ya baridi kwamba kumbukumbu za sekunde ni mali ya kampuni, na atakayezitoa nje hana kazi.

"Basi sina kazi," Nadhira alisema, akaanza kuzichapisha. Mashine yetu mbovu ilitoa karatasi moja baada ya nyingine kwa kukwaruza, naye akawa anazipokea na kuzipanga. Zilikuwa kurasa kumi na moja.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano Jumatatu asubuhi, uani mwa ofisi yake. Kampuni ya upimaji ilimtuma mtu wake, Muhidini, aliyekuja na faili jeusi na mhuri kwenye kimfuko. Alikuwa mtu wa pwani hii hii, alisalimia vizuri, akaamkia wazee mmoja mmoja. Kisha akafungua faili akasema watu sitini na mmoja wamesoma tangazo, pingamizi hakuna, mambo yamekwisha.

Nadhira alisimama. Sijawahi kumsikia anapaza sauti mbele ya watu wazima, na siku hiyo alipaza.

"Tangazo lina maneno mia mbili na kumi," alisema, akifunua zile kurasa alizochapisha. "Mzee Majaliwa amelisoma kwa sekunde moja. Bi Mwanaharusi, sekunde moja. Huyu hapa nusu sekunde. Orodha nzima, aliyekawia sana ni sekunde mbili. Bwana Muhidini, hebu tusomee tangazo lako kwa sekunde mbili tukusikie."

Watu waliangua kicheko. Muhidini alitabasamu kidogo. "Dada yangu, kama wazee hawakujua kukitumia kifaa, hilo si kosa letu."

"Walijua! Walikuwa wanafunua kurasa kabla baba yako hajazaliwa! Niliyekosa ni mimi niliyechora, na aliyeuza makosa yangu, na nyinyi mlioyanunua mkijua ni makosa!"

Kelele zikazuka. Mwenyekiti akagonga meza mpaka kalamu zikaanguka, akasema kwamba yeye hatapeleka mbele orodha ambayo aliyeitengeneza mwenyewe anaikana. Muhidini alikwenda pembeni kupiga simu. Alikaa huko kitambo kirefu, akarudi na sharti. Kampuni itapokea pingamizi, lakini leo tu, mpaka saa kumi alasiri. Kila mtu aandike mwenyewe kwa mkono wake, hakuna kuandikiwa, hakuna kidole gumba. Asiyeleta, orodha inabaki kama ilivyo.

Mimi nilielewa mara moja. Fomu zetu alikuwa nazo. Mbele yake kulikuwa na tiki thelathini na nane zinazosema "hakusoma", na ndizo alizozitegemea alipotamka mkono wa mwenyewe.

Bi Mwanaharusi aliomba karatasi na kalamu. Aliketi kwenye ngazi ya ofisi, faili la mwenyekiti mapajani, akaanza kuandika upande wa kulia. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Akaenda kumkabidhi Muhidini kwa mikono miwili.

Muhidini alitazama ile karatasi. "Bibi, samahani. Andika kwa Kiswahili."

"Hicho ni Kiswahili."

"Hizi ni herufi za Kiarabu, bibi. Ofisini kwetu hakuna wa kuzisoma."

Lakini alikuwa ameshashusha macho kwenye mstari wa kwanza, na midomo yake ilicheza. Ilicheza kidogo tu, kama ichezavyo ya mtu anayesoma kimoyomoyo. Tuliokuwa karibu tuliona, na yeye akaona kwamba tumeona.

"Ulisoma chuo wapi, mwanangu?" Bi Mwanaharusi alimuuliza kwa upole.

"Zinga, bibi," Muhidini alisema.

"Kwa nani?"

Akataja jina la maalim wake. Wazee wawili watatu wakaitikia, wakamrehemu marehemu.

"Mungu amrehemu, alikuwa na wanafunzi wazuri," Bi Mwanaharusi alisema. "Haya, soma. Kwa sauti."

Akasoma. Pale alipokwama bibi alimsahihisha, kama alivyokuwa akiwasahihisha wanafunzi wake. "Mimi Mwanaharusi binti Pazi wa Kaole. Tangazo sikulisoma. Mpaka siukubali. Minazi ile nimeipanda mimi na marehemu mume wangu, na naijua mmoja mmoja. Aliyeandika kwamba nimesoma ameongopa, na aliyeandika kwamba sikusoma ameongopa vilevile."

Watu walipiga vigelegele. Nadhira hakupiga. Sentensi ya mwisho ilikuwa yake na yangu, na wote wawili tuliijua. Muhidini alitoa mhuri, akagonga, akaandika tarehe.

Baada ya hapo ikawa mbio. Waliokuwepo mkutanoni wakapanga foleni, wengine wakiandika kwa herufi za chuo na wengine kwa za shule, na Muhidini akisoma zote kwa sauti kwa sababu hakuwa tena na pa kujificha. Wasiokuwepo, Nadhira aliwafuata kwa bodaboda. Alikwenda mashambani, alikwenda mjini, alikwenda mpaka Zinga kwa mama mmoja aliyekuwa kwa mwanawe. Kila aliporudi na mtu nyuma yake, alimshusha akageuza pikipiki bila kuzima injini. Wawili hawakujua herufi za upande wowote. Muhidini akakataa kidole gumba, akasema sharti ni sharti. Wengine walikuwa Pangani, wengine hospitali Dar, mmoja alikuwa baharini tangu alfajiri.

Ilipofika saa kumi kamili zilikuwa karatasi arobaini na nne. Muhidini alifunga faili, akauweka mhuri kwenye kimfuko, akavuta zipu. Mwenyekiti alimwomba robo saa. Akasema ana maagizo.

Nadhira alifika saa kumi na dakika sita, na Mzee Majaliwa nyuma yake. Alikuwa amemkuta shambani, mbali, na mzee aliomba dakika chache aandike huko huko ili asichelewe. Muhidini alikuwa ameshaingia kwenye gari. Nadhira alisimama mbele ya gari, mikono kwenye boneti, akapiga kelele za kila namna, za adabu na zisizo na adabu. Dereva akarudi nyuma taratibu, akamzunguka, akaondoka. Alibaki amesimama katikati ya vumbi, machozi yanamtoka kwa hasira, anamtukana Amiri, anamtukana Muhidini, kisha nikasikia anajitukana mwenyewe kwa jina lake.

Mzee Majaliwa alimkaribia. Karatasi yake ilikuwa safi, mistari minne, hati nzuri kuliko zote nilizoziona siku ile, ameikunja mara mbili isichafuke njiani.

"Mwanangu," alimuuliza, "sasa hii nimpe nani?"